Simon Boccanegra au I due Foscari: ipi ipande jukwaani?

Kundi likishaamua kupandisha opera ya Giuseppe Verdi, mtunzi Mwitaliano, yenye mtawala mzee na mtoto aliyempotea, kwa kawaida majina mawili hubaki mezani: Simon Boccanegra, ya Genoa, na I due Foscari, ya Venice. Matini, yaani maneno yanayoimbwa, ya zote mbili iliandikwa na Francesco Maria Piave, na zote zina Doge, mtawala mkuu wa jamhuri, anayeimba kwa sauti ya baritoni, sauti ya kiume ya kati, na kufa mbele ya watu wake pazia likikaribia kushuka. Mfanano unaishia hapo. Kila moja inadai waimbaji tofauti na inameza fedha mahali tofauti.

Ushauri tunautanguliza: angalia waimbaji ulio nao sasa na ukubwa wa kwaya yako, usiangalie ipi ina jina kubwa. Kwetu Boccanegra ndiyo kazi kubwa zaidi kati ya hizi mbili. Lakini Boccanegra yenye kwaya haba huanguka vibaya kuliko Foscari yenye jukwaa tupu.

| | I due Foscari | Simon Boccanegra (1881) |
|---|---|---|
| Ilianza kuonyeshwa | Teatro Argentina, Roma, 3 Novemba 1844 | La Scala, Milano, 24 Machi 1881 (toleo la kwanza: La Fenice, Venice, 12 Machi 1857) |
| Mgawanyo | Matendo 3 | Utangulizi na matendo 3 |
| Muziki bila mapumziko | Kama saa 1 na dakika 45 | Kama saa 2 na dakika 15 |
| Sauti kuu | Baritoni, teno (kiume ya juu), soprano (kike ya juu) | Baritoni 2, besi (kiume ya chini), soprano, teno |
| Mandhari katika matini | 8 | 5 |
| Kwaya | Wanaume ndio wenye kazi zaidi | Kwaya kamili, tena iliyogawanyika |

Mamlaka na msiba katika kila moja

Katika I due Foscari baba ana cheo ila hana nguvu. Francesco Foscari ni Doge wa Venice mwaka 1457, lakini wanaoamua ni Baraza la Watu Kumi. Mwanawe Jacopo amerudishwa kutoka uhamishoni Krete, ameteswa, na anahukumiwa kurudi kulekule. Anapokabidhiwa karatasi ya hukumu, baba yake amekaa kwenye kiti cha Doge na hawezi kutamka neno la kumwokoa. Wana watatu wameshamfia, huyu ndiye wa nne na wa mwisho. Baadaye inathibitika kwamba Jacopo hakuwa na hatia, na habari hiyo inapofika yeye amekwisha kufa merini. Kisha Baraza linamjia mzee na kumtaka ajiuzulu, yeye ambaye mara mbili aliomba kupumzika akakataliwa. Kengele ya San Marco inalia kumtangaza Doge mpya, naye anaanguka.

Boccanegra inaanza na msiba na kuweka mamlaka juu yake. Simon, mharamia aliyeitumikia Genoa, anaingia katika jumba la akina Fieschi kumtafuta mpenzi wake Maria na kukuta maiti. Wakati huohuo umati unapiga kelele nje kwamba yeye ndiye Doge. Binti yao mdogo naye alikwisha kupotea. Inapita miaka 25 kabla hajamwona tena, akiwa mwanamke mzima anayeitwa Amelia Grimaldi, aliyelelewa ndani ya familia ya maadui zake.

Kwa mwongozaji tofauti hii ina matokeo makubwa. Foscari ni hali moja inayokazwa hadi inakatika. Hakuna anayebadilika, na atakayetaka kuongeza matukio ataiharibu. Kosa linalojirudia ni kumwonyesha Jacopo akifa jukwaani kwa maigizo ya kimya, eti hadhira isiikose habari. Verdi alikiweka kifo hicho nje ya jukwaa kwa makusudi: Lucrezia, mkewe, anaingia na kusema, basi. Uzito wote uko kwenye uso wa mzee anayesikia. Boccanegra kwa upande wake ina watu wanaogeuka: adui anakuwa mkwe, mtumishi anakuwa muuaji, na babu anagundua kwamba mjukuu aliyemlilia miaka yote ni Amelia, binti aliyekuwa akimlea. Ukiiongoza kwa upole wa aina moja tangu mwanzo, mageuzi hayo hayaonekani.

Waimbaji

Anza na Lucrezia. Kama huna soprano wa kuibeba nafasi hii, mjadala wa Foscari umekwisha hapo hapo. Anaingia mapema katika Tendo la 1 na wimbo wa sala, "Tu al cui sguardo onnipossente", na mara hiyohiyo anatakiwa kuwaka kwa ghadhabu katika sehemu ya kasi inayofuata. Anahitaji sauti nzito inayoweza kukimbia, sauti mbili katika koo moja. Soprano mwepesi atazimaliza noti zote vizuri na bado okestra itamfunika kwenye tamati ya Tendo la 2. Mpime kwa "Più non vive! l'innocente" ya Tendo la 3, baada ya kuwa ameimba saa nzima, wala usimpime asubuhi akiwa hajachoka.

Jacopo ni teno wa kulia na kukumbuka. Ana nyimbo nzuri sana, "Dal più remoto esilio" mojawapo, lakini matendo karibu hana. Anafungwa, anazimia, anaaga. Teno mwenye sauti nzuri na mwili usiojua kutulia ataifanya nafasi hii ichoshe. Doge Foscari anaweza kupewa baritoni mtu mzima mwenye pumzi ndefu, kwa kuwa kazi yake imegawanyika vizuri: "O vecchio cor che batti" mapema, mapumziko ya kutosha, kisha tamati nzima ni yake. Ila muziki wake unakaa juu, kwa hiyo baritoni mwenye rangi nzito anayekaribia besi atateseka.

Loredano, adui wa familia, ana mistari michache, na makundi mengi humpa yeyote aliyebaki. Hilo ni kosa. Ndiye anayesukuma kila kitu, kwa kuwa anaamini akina Foscari waliwaua baba na ami yake, na pazia linapokaribia kushuka anaandika daftarini kwamba sasa amelipwa. Daftari hilo hadhira ilione mapema: Loredano alitoe na kulifungua bila kuandika lolote katika onyesho la Baraza la Tendo la 2. Likitokea mwishoni tu, nusu ya ukumbi haitaelewa ameandika nini.

Boccanegra inadai sauti nzito tatu za daraja la kwanza, na hapo ndipo bajeti nyingi hukwama. Simon yuko jukwaani sehemu kubwa ya jioni na anatakiwa kuwa na sauti ya kuamuru watu mia, kisha mwishoni mwa wawiliimbo wa kutambuana na bintiye aimbe neno "Figlia!" kwenye noti ya fa ya juu kwa sauti ya chini kabisa. Baritoni anayeweza la kwanza huwa wengi, wa pili wachache. Mpangie siku mbili za kupumzika kati ya maonyesho. Fiesco, baba wa marehemu Maria, ni besi halisi. Wimbo wake wa Utangulizi, "Il lacerato spirito", unashuka hadi fa dizi ya chini, na noti hiyo lazima ijae ukumbi bila kusukumwa, maana chini yake okestra imenyamaza karibu yote.

Wa tatu ni Paolo, mshirika wa Simon, na huyu ndiye anayedharauliwa. Katika toleo la 1881 Verdi na Arrigo Boito, mshairi aliyerekebisha matini, walimkuza hadi akawa mtu wa hatari kweli: analazimishwa kujilaani mwenyewe hadharani, anafungua Tendo la 2 kwa maneno ya kujichukia, anatia sumu kwenye kikombe, anapelekwa kunyongwa. Mpe mwimbaji anayeigiza kwa macho. Ukimpa mtu dhaifu, kifo cha Simon kitaonekana kama ajali.

Amelia na mpenzi wake Gabriele ni rahisi kuwapata kuliko hao watatu, ingawa Amelia anahitaji trili safi, yaani kupokezana noti mbili jirani kwa kasi. Katika onyesho la Baraza trili yake juu ya neno "pace", amani, husikika peke yake juu ya watu wote.

Kwaya: hapa ndipo uamuzi unapopatikana

Foscari inafunguliwa na wanaume wa Baraza wakinong'ona "Silenzio, mistero", ukimya na siri, na hao ndio uti wa mgongo wa opera. Wanaume 20 walioshikana vizuri wanatosha. Wanawake wana kazi ndogo karibu na Lucrezia, kisha kwaya nzima inakutana kwenye mashindano ya mashua ya Tendo la 3. Kwaya ya watu 36 inaibeba bila shida.

Boccanegra ina onyesho moja linalobadilisha hesabu zote: tamati ya Tendo la 1, ukumbi wa Baraza. Matini inataka Doge kitini, madiwani 12 wa ukoo wa kibwanyenye upande mmoja, madiwani 12 wa watu wa kawaida upande wa pili, na maafisa wanne wa bahari wameketi kando. Bila kumhesabu Doge, hao ni watu 28 kabla mlango haujafunguliwa. Nje kuna ghasia. Umati unasikika ukidai damu, unazidi kukaribia, na Doge anaamuru milango ifunguliwe. Wanaoingia, wanaume kwa wanawake, hawawezi kuwa walewale walioketi, kwa sababu walioketi hawajaondoka. Ndiyo maana kwaya ya watu 40 inayotosha opera nyingine za Verdi hapa inapasuka katikati: ukiketisha 24, umati unabaki watu 16 na vitisho vyao vinasikika kama ugomvi wa jirani.

Tunashauri usishuke chini ya watu 56. Ukikosa, ketisha madiwani 16, wanane kwa wanane, viti vya maafisa wa bahari wape waigizaji wasioimba, na waliobaki wote wawe umati. Usipunguze umati ili kujaza viti. Macho husamehe kiti kitupu, lakini masikio hayasamehi umati mwembamba.

Kisha kuna tatizo la sauti ya nyuma ya jukwaa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kundi lililosimama mita 25 nyuma ya ukingo wa jukwaa litamfikia kondakta likiwa limechelewa karibu sehemu 7 za mia za sekunde, na wakiimba kwa kufuata wanachosikia kutoka kwa okestra, ucheleweshaji unakuwa maradufu. Dawa ni hii: skrini inayoonyesha mkono wa kondakta, kondakta msaidizi anayeongoza mbele kidogo ya kile anachosikia, na amri kwa waimbaji wafuate macho, wasifuate masikio. Fanyeni mazoezi hayo katika jengo lenyewe. Chumba cha mazoezi hakitawaonyesha tatizo.

Onyesho lenyewe lina ngazi tatu, na mwongozaji asizichanganye. Kwanza ghasia. Pili ombi la Simon, "Plebe! Patrizi!", ambapo anawakemea pande zote mbili na kuwalilia amani. Verdi alilipata wazo lake katika barua za Petrarca, mshairi wa karne ya 14, aliyewasihi watawala wa Genoa na Venice waache kupigana. Hapa watu wasimame kabisa, hata silaha zisichezecheze mikononi. Tatu ni laana. Doge amekwisha kumtambua mhalifu aliyemteka Amelia, lakini hamtaji. Anamwita Paolo kama afisa wa haki na kumtaka amlaani mhalifu huyo mbele ya wote. Klarineti ya besi inatambaa chini ya maneno yake. Simon asimguse Paolo. Mwache mita tatu mbali, sakafu tupu kati yao, na Paolo atamke "Sia maledetto!" akiwa ametazama hadhira, huku kwaya nyuma yake ikiyarudia maneno hayo bila kujua yanamwangukia nani. Waongozaji wanaomfanya Simon amkabe Paolo shingoni wanaivunja siri ambayo muziki unaishika kwa nguvu.

Kama onyesho hili huwezi kulifanya ipasavyo, chagua Foscari. Hakuna njia ya mkato.

Okestra

Foscari inabebeka kwa nyuzi chache: fidla 8 za kwanza, 6 za pili, viola 5, chelo 4 na besi 3 katika ukumbi wa watu 600 hivi. Lakini viola wa kwanza na chelo wa kwanza wawe wachezaji hodari, kwa kuwa utangulizi wa gereza katika Tendo la 2 umeandikwa kwa vyombo hivyo viwili peke yake, na hakuna kitu cha kuwaficha nyuma yake. Verdi alimpa kila mhusika mkuu wimbo wake wa kumtambulisha: Jacopo na klarineti, Lucrezia na nyuzi zinazokimbia, na Baraza nalo lina wake. Nyimbo hizo zinarudi mara nyingi, na kondakta akizicheza kwa mwendo uleule kila mara zinachosha kufikia Tendo la 2.

Kengele ya mwisho isiwe rekodi inayojiendesha. Inagongwa waimbaji wakiwa kwenye mkusanyiko mzito, na rekodi itawaacha au itaachwa. Mpe mpiga ngoma kengele ya bomba au kinanda cha sauti zilizorekodiwa, mradi anamwona kondakta.

Boccanegra inataka nyuzi zaidi, klarineti ya besi isiyokuwa ya kuazimwa dakika ya mwisho, na wapiga tromboni wanaojua kucheza taratibu. Rangi ya opera hii ni ya bahari usiku. Ikipigwa kwa nguvu tu, inapoteza kila kitu.

Mandhari na taa

Watu hudhani opera ndogo ni rahisi kujengewa. Foscari ina mandhari nane katika matini, tano kati ya mabadiliko yake yakiwa ndani ya matendo. Ukishusha pazia dakika 3 kila mara, umeongeza dakika 15 za giza kwenye muziki wa dakika 105, na mvutano umekwisha. Jenga mahali pamoja pasipobadilika, kuta ndefu na ngazi moja, na ubadilishe kwa taa na kiti. Mashindano ya mashua msiyakate. Verdi mwenyewe alikuja kulalamika kwamba opera hii ina rangi moja mno tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo mwanga wa mchana unapoingia pekee.

Boccanegra ina mandhari tano, na kila moja ina nafasi ya kupumua. Mfano unaofaa kutazamwa ni ule wa mwongozaji Giorgio Strehler pale La Scala mwaka 1971, Claudio Abbado akiongoza okestra, na mandhari ya Ezio Frigerio: tanga kubwa la merikebu lilitosha kuileta bahari. Katika Utangulizi jengeni mlango unaofunguka kweli na roshani, maana Simon huonekana hapo akichukua taa iliyo mbele ya picha takatifu kabla ya kurudi ndani gizani.

Miaka 25 kati ya Utangulizi na Tendo la 1 inawagusa watu wa vipodozi. Simon ana kama dakika 20 za muziki kabla ya kuingia tena, Fiesco kama robo saa. Ndevu na wigi vitayarishwe pembeni, si ghorofani.

Katika Tendo la 2 kikombe cha sumu kiwe cha rangi ya kupauka na kiwekwe peke yake mezani, ili anayekaa safu ya nyuma amwone Paolo akimimina. Katika Tendo la 3 mji unaonekana dirishani ukiwaka taa za ushindi, na Doge anaagiza zizimwe kwa heshima ya waliouawa. Zizimike moja moja wakati yeye mwenyewe anaishiwa nguvu, hadi anapokata roho isibaki hata moja. Taa 24 zikiwa na njia 24 za kuzipunguza zinatosha. Zikiwa kwenye njia nne tu, hadhira itaona mitaa ikikatika umeme.

Tatizo moja la Boccanegra haliponi kwa taa: majina. Fiesco anajificha kama Andrea, Amelia ni Maria, na mama yake naye ni Maria. Karatasi ya programu iwe na mistari minne inayolieleza hilo kabla ya muhtasari wowote, na maandishi ya tafsiri juu ya jukwaa yaweke neno "baba" au "babu" pale ambapo jina tupu lingepoteza watu.

Toleo na nota

Ukiamua Boccanegra, chukua la 1881. Verdi aliiona ile ya 1857 kama meza yenye miguu mibovu inayoweza kusimama ikitengenezwa, na matengenezo yalikuwa makubwa: onyesho la Baraza halikuwepo. Mahali pake palikuwa na sherehe uwanjani, ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala, pamoja na ngoma ya maharamia wa Kiafrika. Toleo la 1857 linafaa kwa onyesho la kuimba bila mandhari, mbele ya watu wanaotaka kusikia tofauti. Usichukue wimbo wa kasi wa Amelia wa 1857 ukaupachika kwenye 1881, kwa kuwa muziki unaouzunguka umeshaandikwa upya na mshono unaonekana.

Verdi alifariki mwaka 1901, hivyo muziki wenyewe hauna malipo ya haki. Nota za zamani za Ricordi, wachapishaji wa Verdi, zinapatikana bure, matoleo ya kisasa yaliyosahihishwa hukodishwa. Kwa Foscari lipia toleo lililosahihishwa. Kwa Boccanegra itafute pia ile disposizione scenica ya Giulio Ricordi, kitabu kinachoeleza mpangilio wa jukwaa wa La Scala mwaka 1881 hatua kwa hatua, pamoja na nani anasimama wapi katika onyesho la Baraza. Mpe msaidizi wa mwongozaji akisome miezi mitatu kabla ya mazoezi ya kwanza, na kwaya ianze na onyesho hilo kabla ya ukurasa mwingine wowote.